Kesi ya Furaha ya Nakijwa

Ukitaka kuwajua watu wa milima ya Upare, mchukulie mmoja wao kuku, hata awe kuku kiwete, kisha kaa pembeni usubiri. Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Waseme tu. Ng'ombe wetu, kuku wetu, wao inawawasha nini? Basi msishangae mkisikia kwamba ule Mkondo, mtambo mkubwa kuliko yote iliyowahi kupanda mlimani kwetu, ulipelekwa kwenye kesi na mtoto wa darasa la sita ambaye begi lake la shule lilikuwa pana kuliko mgongo wake.

Asubuhi moja ya baridi, ukungu ulikuwa bado umelalia bati za Shule ya Ndiveni. Droni za tangawizi zilikuwa zinapita juu kwenda sokoni bondeni, na Mwalimu Namsifu Mrutu alizipungia mkono wenye chaki kama kawaida yake. Chaki yenyewe ilikuwa ya mazoea tu. Ukuta wa mbele wa darasa ulikuwa unaandika na kufuta wenyewe ukiambiwa, lakini mama huyu alikuwa amefundisha hesabu tangu enzi za ubao, na bila kushika kitu mkononi maneno hayakumtoka vizuri.

"Nusu gawanya kwa robo," aliuambia ukuta, nao ukaandika. Kisha akawageukia watoto. "Bibi zenu walifundishwa hivi: geuza ya pili, halafu zidisha. Na mimi nikafundishwa hivyo hivyo. Nilipouliza kwa nini tunageuza, nikachapwa. Leo nataka mtu aniambie. Kwa nini tunageuza?"

Watoto wakacheka, kisha wakanyamaza kufikiri. Kila mmoja alikuwa amefunga Utepe kichwani, mkanda mwembamba wenye shanga moja ya kioo katikati ya paji la uso. Shanga ikiwa ya njano, mwenyewe bado anahangaika. Ikiwa ya kijani, ameelewa. Wakati ule darasa zima lilikuwa njano tupu. Kwenye ukuta wa pembeni, ambako zilionekana nyuso za watoto wa shule nyingine zilizounganishwa na Mkondo, kulikuwa njano vilevile. Kule Meatu, kwenye tambarare za Wasukuma, msichana mmoja aitwaye Milembe alikuwa anatafuna ncha ya kalamu.

Kwenye dawati la dirishani, Nakijwa Msuya alikuwa anaangalia nje. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mara akakunja uso, akaukunjua, na shanga yake ikawaka kijani.

"Aaa!" likasema darasa zima.

Palepale shanga zote zikageuka kijani, za Ndiveni na za ukutani, na sauti ile ile ya "aaa" ikatoka Meatu, ikatoka Mbinga, ikatoka kila mahali, yenye urefu mmoja kama ya kwaya. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mkondo. Mtoto mmoja akielewa, Utepe wake ulikuwa unauchota ule mwanga wa kuelewa ungali wa moto kichwani mwake, unaupeleka kwa wenzake, na wao wanaelewa bila jasho. Mtoto anayeelewa wa kwanza mara nyingi kuliko wengine aliitwa chemchemi, na chemchemi ya kanda nzima ilikuwa Nakijwa. Mama yake alikuwa ametembeza habari hiyo kanisani, sokoni, na kwenye misiba miwili.

Mwalimu Namsifu alikuwa anaona fahari. Mkono wake mwenyewe ndio uliomfunga mtoto yule Utepe kwa mara ya kwanza. Lakini siku hiyo alimwangalia vizuri, na alichokiona hakikumpendeza. Darasa lilikuwa linatabasamu, Meatu ilikuwa inatabasamu, ila Nakijwa alikuwa amerudi kuangalia ukungu.

Huyu siye mtoto niliyemjua, aliwaza. Nakijwa wa zamani, akipata jibu, alikuwa anapiga dawati kofi na kupayuka "Imekubali!" mpaka kuku wa mlinzi wanatawanyika. Dawati lake lilikuwa limepigwa misumari mara kadhaa kwa ajili ya makofi hayo. Sasa Mwalimu alijaribu kukumbuka mara ya mwisho fundi alipoitwa, na hakukumbuka.

Wakati wa mapumziko alimwita pembeni.

"Nakijwa, umeelewa leo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mbona una uso wa mtu aliyemeza kwinini?"

Mtoto akachora chini kwa kidole cha mguu. "Jibu nalipata, Mwalimu. Ila lile tamu lake halinikuti. Linapita."

"Linapita kwenda wapi?"

Nakijwa akaonyesha ukuta wa pembeni, ambako watoto wa Meatu walikuwa bado wanachekacheka. "Kwao. Zamani nikipata jibu, hapa ndani palikuwa panacheka. Sasa ni kama nimepika makande, wote wakala, mimi nikaachiwa mwiko. Na mwiko wenyewe wameshaulamba."

"Tangu lini?"

"Tangu shule zilipokuwa nyingi." Akainua macho. "Mwalimu, nikiacha kupata majibu utanikasirikia? Maana sasa naona uvivu kuyatafuta."

Maneno hayo yalimchoma Mwalimu Namsifu. Aliona aibu, aibu hasa, ya mtu mzima aliyekula chakula cha mtoto bila kujua. Akamwambia hatakasirika hata kidogo, akampa nusu ya muhogo wake, na akaenda moja kwa moja kumwita Afisa.

*

Bwana Eliamani Kimaro, Afisa wa Mkondo wa kanda, alikuwa Mchaga mnene mpole, mwenye cheko la karibu. Hakupanda mlima. Alitokea kama taswira, mtu wa mwanga tupu, katikati ya ofisi ya walimu. Mtambo wa kumwonyesha ulikuwa umefungwa chini mno tangu siku ya kwanza na hakuna aliyeurekebisha, kwa hiyo kila alipokuja Ndiveni magoti yake yalikuwa yamezama sakafuni.

"Shikamoo, mtani," alisema Afisa. "Nani kamshitaki nani leo huko kwenu?"

"Marahaba. Bado. Ila ukikaa kidogo utasikia." Mwalimu hakukaa. "Bwana Kimaro, mtoto wangu hafurahi."

Akamweleza. Afisa alisikiliza kwa heshima, na kwa kumtendea haki tuseme kwamba hakukataa wala hakuzungushazunguka.

"Ni kweli," alisema. "Mwanga wa kuelewa ukishatulia kichwani mwa mwenyewe hausafiri tena. Kwa hiyo Utepe unauchota kabla haujatulia, na ile furaha imo humohumo ndani yake, haitenganishiki. Mwanzoni tulikuwa tunachota kidogo tu, mtoto anabaki na nyingi. Shule zilivyoongezeka tukawa tunachota zaidi. Sasa kwa chemchemi kama Nakijwa tunachota yote."

"Yote! Na mkaona hatajua?"

"Tuliona jibu linabaki kichwani mwake, tukasema hajapoteza kitu."

"Mtoto anyang'anywe utamu asijue! Wewe ulikuwa mtoto kweli, au ulizaliwa na tai shingoni?"

Afisa akacheka, kisha akaacha. "Mwalimu, sasa nisikilize na mimi. Ukimfungua Nakijwa, kanda nzima inarudi njano. Kuna watoto ambao tangu wameanza shule wanaziona hesabu kama adhabu. Leo wanaelewa. Unamjua yule wa Meatu, Milembe? Alikuwa anajificha chooni kipindi cha hesabu. Siku hizi anawahi darasani. Mtoto mmoja hana raha kwenye hesabu, na maelfu wana raha. Niambie wewe uliyesomea ualimu, nifanyeje?"

Mwalimu Namsifu alimjua Milembe vizuri. Kila baada ya kipindi msichana yule alikuwa anabaki ukutani kumsalimia, na siku moja alimleta mbuzi wake mbele ya kioo ili aonwe na darasa la Ndiveni. Kumrudisha chooni? Hakuwa na jibu, na kukosa jibu mbele ya Mchaga kulimuuma mara mbili.

"Siwezi kufunga Mkondo kwa huruma tu," alisema Afisa polepole. "Nionyeshe watoto wanaoelewa bila kumchota yule. Hapo nitakuwa na la kuwaambia wakubwa zangu. Kesho nitakuja kwenye kipindi chako."

Akazimika, magoti yakiwa ya mwisho kupotea.

Nje ya dirisha la ofisi alikuwa amesimama Senkondo Mmbaga, mwanafunzi wa darasa hilohilo la sita, anafuta kwa bidii vumbi ambalo halikuwepo. Senkondo hakuwa hodari wa hesabu. Alikuwa hodari wa maneno. Baba yake alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba iliyorithiwa kutoka kwa babu, na mtoto alikuwa amekulia humo.

"Unafanya nini hapo, Senkondo?"

"Nasafisha mazingira, Mwalimu," alijibu, na akatimua mbio kumtafuta Nakijwa.

*

Alasiri baragumu la msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji kizima, likalia. Kila mtu kijijini alikuwa na simu ya mkononi, na wengine walikuwa nayo ndani ya sikio, lakini msaragambo kwetu huitwa kwa baragumu la pembe, na asiyelisikia hana udhuru. Kazi ilikuwa ya kuzibua mfereji wa ndiva, lile bwawa letu la kukinga maji ya kijito ili mashamba ya chini yanywe kwa zamu. Mwalimu Namsifu alijifunga khanga kiunoni, akashika jembe pamoja na wenzake.

Matope yalikuwa baridi na maneno yalikuwa moto. Kijana mmoja aliyerudi juzi kutoka mjini alikuja na ndoo mbili, akaomba afunguliwe maji ya shamba la mama yake.

"Umechimba wapi?" akaulizwa na mama yake Nakijwa, aliyekuwa mkubwa wa mfereji mwaka huo.

"Nilikuwa safarini, shangazi."

"Pole na safari. Maji ya ndiva hayamfuati mtu ambaye hakuja msaragambo. Shika jembe, zibua pale kwenye mawe, utapata maji yako. Usiposhika, utatoa faini, kisha utashika jembe vilevile."

Watu wakacheka, kijana naye akacheka kwa haya, akavua viatu vyake vya mjini. Jua lilipoinama shamba la mama yake lilikuwa linakunywa. Mwalimu aliona Nakijwa na Senkondo wamekaa ukingoni mwa ndiva, miguu majini, wananong'ona. Alipowakaribia wakanyamaza, na Senkondo akaanza kusifia hali ya hewa.

*

Kesho yake Mwalimu aliingia darasani akiwa hajapata usingizi wa kutosha wala jibu. Afisa alikuwa tayari kona ya nyuma, amezama magotini, anasalimiana na watoto. Ukuta wa pembeni ulikuwa umejaa nyuso. Mwalimu alikohoa ili aanze.

Nakijwa akasimama. Utepe wake ulikuwa mkononi, si kichwani.

"Mwalimu, shikamoo. Namshitaki Mwalimu Namsifu Mrutu."

Darasa likasema "Oooh!" na safari hii hakuna mtambo uliowafundisha. Mwalimu aliona uso wake unapata joto. Ndani ya joto hilo kulikuwa na fahari kidogo, kwa kuwa mtoto alikuwa amesimama wima na sauti yake haikutetemeka.

"Marahaba, Nakijwa. Shitaka ni lipi?"

Senkondo akasimama kando yake. Alikuwa amevaa koti la baba yake, mikono imekunjwa mara tatu. "Mimi ni wakili wa mlalamikaji. Shitaka ni kwamba Mwalimu alimfunga mteja wangu Utepe, na tangu hapo watu wanachota maji kwenye ndiva ya mteja wangu bila kuja msaragambo. Hawachimbi, hawatoi faini, na mwenye ndiva hapati hata tone."

"Hili ni igizo?" aliuliza Afisa kwa furaha.

"Ni kesi," alisema Mwalimu. "Mtani, kaa kimya, uko mahakamani. Haya, hakimu ni nani?"

Hapo pakawa na ugumu, kwa sababu Ndiveni wote ni ndugu. Kila aliyetajwa alionekana ni binamu wa Nakijwa au mpwa wa Mwalimu, na mmoja alikuwa vyote viwili. Ndipo Senkondo akaelekeza kidole ukutani. Hakimu atoke mbali, alisema, atoke Meatu, asiye na shangazi hapa.

"Mimi?" alisema Milembe, na kalamu ikamdondoka mdomoni. Akatafuta kigoda, akakikalia, akajaribu kununa kama hakimu. "Haya. Mshitakiwa ajitetee."

Mwalimu Namsifu aliweka chaki chini. Angeweza kukiri palepale na yakaisha, kwa kuwa moyo wake ulikuwa upande wa Nakijwa. Lakini kesi ya upande mmoja si kesi, na swali la Afisa lilikuwa bado linamkaba.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "nilimfunga, sikatai. Na leo natamani kumfungua. Lakini kuna watoto ambao kabla ya Mkondo hesabu zilikuwa zinawaliza. Nikimrudishia huyu furaha yake, nawazimia wale taa. Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, ulikuwa unajificha. Nani kati yetu ana moyo wa kukurudisha kule? Mimi sina. Huo ndio utetezi wangu, na nakiri haunitoshi hata mwenyewe."

Hata Senkondo alikosa neno, jambo ambalo wazazi wake walipohadithiwa baadaye walikataa kuliamini.

Milembe alikuwa ameinamisha kichwa. "Naweza kusema kitu?"

"Hakimu haruhusiwi kuwa shahidi," alisema Senkondo.

"Basi nashuka." Akainuka, akasimama hatua moja kando ya kigoda. "Jana, baada ya kipindi, mdogo wangu aliniuliza kwa nini tunageuza. Nilikuwa najua. Nilikuwa na ile raha yake kabisa. Nikafungua mdomo nimwambie, hakuna kilichotoka. Akauliza tena, nikamwambia nyamaza. Nilimfokea, jamani, na sababu ni kwamba sikuwa na njia. Mtu akikubeba usingizini akakushusha mjini, uko mjini kweli, lakini hujui ulipitia wapi." Akavua Utepe wake. "Sitaki kurudi chooni. Ila na huku nilikofikishwa siyo kwangu. Nakijwa, nieleze kwa mdomo."

"Ngojeni kwanza," alisema Afisa.

"Bwana Kimaro," alisema Mwalimu Namsifu, kwa sababu sasa aliona njia, nyembamba, ingawa angeweza kuangukia pua mbele ya kanda nzima. "Ulisema nikuonyeshe. Funga mchoto kwa kipindi hiki kimoja. Tuachie nyuso na sauti tu."

Afisa alimwangalia, akamwangalia mtoto aliyekuwa amesimama kando ya kigoda chake mwenyewe. Akashusha pumzi. Kidole chake cha mwanga kikagusa kitu ambacho hawakukiona, na shanga zote, hapa na kila mahali, zikarudi njano.

Ilikuwa njano mbaya. Mwalimu hakuwa ameiona kwa wingi namna ile kwa muda mrefu.

"Haya," alisema Nakijwa kwa Milembe. "Unageuza tu, halafu unazidisha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu... robo ndiyo... si unageuza!"

"Hata mimi hapo nilifika," alisema Milembe.

Watoto wakacheka. Nakijwa akaona joto masikioni. Jibu alikuwa nalo tangu jana, ila hakuwa amewahi kulitoa kwa mdomo, kwani Utepe ulikuwa unalitoa kwa niaba yake. Akakuna kichwa, akazunguka dawati.

"Ndiva iko nusu," alisema. "Kila shamba linakunywa robo ya ndiva. Mashamba mangapi yatakunywa?"

"Ndiva ni nini?"

Hapo darasa la Ndiveni likavunjika mbavu. Mtu asiyejua ndiva! Mwalimu akawanyamazisha kwa jicho. Nakijwa alijaribu kueleza kwa mikono, kijito hivi, ukingo hivi, maji yanajaa, mpaka Milembe akaruka.

"Lambo! Sisi tunaita lambo, la kunywesha ng'ombe."

"Haya, lambo. Kila boma ng'ombe wake wanakunywa robo ya lambo. Lambo zima linanywesha maboma mangapi?"

"Manne."

"Na lambo likiwa nusu?"

"Mawili." Milembe akahesabu kwa vidole. "Kumbe kugawanya kwa robo ni kuuliza robo ngapi zimo. Lambo zima zimo nne, kwa hiyo lolote utakalokuwa nalo unazidisha kwa nne. Ngoja. Na boma lenye ng'ombe wengi? Wanaokunywa robo tatu?"

Nakijwa akakuna kichwa tena. Hilo hakuwa nalo. Jana mwanga ulipochukuliwa, naye aliacha hapohapo, hakuona haja ya kwenda mbele. Sasa swali lilikuwa linamtazama kutoka Meatu na hakuna wa kulijibu.

"Lambo zima," alisema polepole. "Boma la kwanza linakunywa robo tatu. Limeshiba."

"Imebaki robo," alisema Milembe.

"Boma la pili linataka robo tatu, ipo robo moja. Robo moja kwenye robo tatu ni..."

"Theluthi ya kiu yake!"

"Kwa hiyo lambo zima linanywesha boma moja na theluthi. Theluthi tatu na theluthi moja ni theluthi nne." Nakijwa alikuwa amekamata kingo za dawati. "Nne juu ya tatu. Tulianza na tatu juu ya nne. Milembe! Hatugeuzi sisi! Inageuka yenyewe!"

Na kofi likashuka. "IMEKUBALI!"

Ubao wa dawati ukapasuka upande mmoja, kuku wa mlinzi wakatawanyika, na Milembe kule kwao alikuwa anarukaruka na kigoda mkononi. Utepe wa Nakijwa ulikuwa umelala sakafuni, shanga yake haikuwa ya njano wala ya kijani, na uso wake ulikuwa unang'aa kuliko shanga zote za kanda. Mwalimu Namsifu akageukia dirishani kidogo, akajipangusa macho kwa mkono wenye chaki, akatokea na uso mweupe kama wa jini. Hakujali.

Ukutani njano ilibaki njano. Kisha shanga moja ikawaka Mbinga, na mtoto wake akasema "Ala!" Nyingine ikawaka dawati la nyuma, "Kumbe!" Halafu tatu mahali pengine, moja ikazimika baada ya mwenyewe kujishtukia, ikawaka tena. Kila mmoja alifika kwa wakati wake na kwa kelele zake. Wengi hawakufika. Senkondo alikuwa wa njano kabisa.

"Mimi bado," alitangaza. "Hapo kwenye theluthi."

"Na mimi," ilisema sauti ya nyuma. Wote wakageuka. Bwana Afisa alikuwa amekunja uso. "Nimesimamia hesabu za kanda nzima miaka yote hii, na sikuwahi kuuliza kwa nini tunageuza. Hebu rudini pale boma la pili."

"Kwanza hukumu," alisema Senkondo, "halafu msaada."

Milembe akarudi kigodani, bado anahema. Akasema Mwalimu ana hatia, kwa sababu alimfunga mtu bila kumuuliza. Akasema kuanzia leo mwenye chemchemi anywe kwanza mpaka ashibe, na mwanga wa mtu usiende kwa mtu ambaye hajachimba, yaani hajahangaika na swali na kuuliza kwa mdomo wake. Mkondo ubaki wazi kwa sauti na nyuso muda wote, kwa sababu yeye, Hakimu, ana maswali mengi.

Macho yote yakaenda kwa Afisa.

"Wakubwa zangu watapiga kelele," alisema. "Jana ilikuwa kijani kanda nzima. Leo naona njano nyingi kuliko kijani." Akaangalia dawati lililopasuka. "Ila jana sikusikia mtu akipiga dawati. Mchoto nitaufunga. Wakinihoji nitasema tumeshitakiwa Upareni, wataelewa. Hakuna anayetaka kesi na ninyi."

"Asante, mtani," alisema Mwalimu, na alimaanisha. "Na faini yangu?"

"Sufuria la makande kwa darasa zima, Ijumaa, na maharage yawe mengi kuliko mahindi," alisema Milembe. Kisha uso ukamshuka. "Na mimi nitakulaje?"

"Utaniuliza ninavyoyapika mpaka uelewe," alisema Mwalimu, "utampikia mdogo wako uliyemfokea."

Afisa akaahidi kupanda mlima siku hiyo kwa miguu yake yote miwili, mpaka kwenye kisigino, mradi sufuria liwe kubwa. Watoto wakashangilia. Senkondo akavua koti la baba yake akaenda kukaa karibu na Nakijwa, aelezwe ile theluthi kwa mara ya nne.

Mwalimu akawapitia wote wawili, akainama. "Nakijwa. Tamu imerudi?"

"Imerudi, Mwalimu!" Mtoto akagusa kifua, akacheka meno yote nje.

"Na kwa kuwa umeipata furaha yako, huoni sasa tungeyamaliza tu, wewe na mimi? Maharage yamepanda bei, unajua."

Nakijwa alimwangalia mwalimu wake kwa upendo mwingi sana.

"Kesi siifuti, Mwalimu."